Soksi za kubana za 20–30 mmHg (kipimo cha nguvu ya mbano): nzuri, ila si kwa kila mguu

Kwa vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zilizovimba na miguu inayojaa jioni, soksi hizi za kufika chini ya goti zinafanya kazi: mbano ni mkali kifundoni, unapungua kuelekea juu. Pima asubuhi kabla mguu haujavimba, kifundo pale palipo pembamba zaidi, shavu la mguu palipo panene. Kasoro ni ukingo wa juu. Ukingo huo ukijikunja, mbano unazidi pale pale na kuacha mfereji mwekundu kama wa kamba. Soksi hazifuti madoa ya kahawia juu ya kifundo. Hayo ni chuma cha damu iliyovuja ngozini. Mguu baridi, unaong'aa, usio na vinyweleo? Usizivae kabla ya kupimwa mzunguko wa ateri (mishipa inayopeleka damu mguuni). Mbano huo unaweza kuua ngozi.