Penseli za Kuchorea Mwili wa Binadamu: Zipi Zinastahili Fedha Yako Dar es Salaam

Anayetaka kuchora mwili wa mtu kwa uhalisia, hasa mtu mwenye ngozi nyeusi kama yetu, anahitaji penseli zinazotofautisha vivuli vingi vya kati, kwa kuwa weupe wa karatasi hubaki kwenye mng'ao mdogo tu wa paji la uso na wa mtulinga. Kwa kipimo hicho ndivyo nilivyozipanga.

Nafasi ya kwanza naipa penseli nne za kununua moja moja, yaani HB, 2B, 4B na 6B (H ni ugumu, B ni weusi, na namba ikikua sifa hiyo huzidi), za Faber-Castell 9000, aina iliyopo tangu 1905, au za Staedtler Mars Lumograph. Moyo wa penseli ni kinywe, madini yaleyale yanayopatikana Mahenge na Ruangwa, yakisagwa na kuchanganywa na udongo wa mfinyanzi kisha kuchomwa, kwa njia aliyoibuni Nicolas-Jacques Conté nchini Ufaransa mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake hufifia. Kinywe kikizidi, huwa laini na nyeusi. Penseli iliyosagwa vizuri utaitambua unapojaza kivuli cha shavu, maana mkono unateleza bila kukutana na punje inayokwaruza karatasi.

Ya pili ni Lumograph Black, penseli ya Staedtler yenye weusi usiong'aa sana, au penseli nzuri ya makaa, na moja inatosha. Kinywe kikikandamizwa sana hung'aa kama sufuria iliyosuguliwa, hivyo kivuli cha chini ya kidevu, kilichopaswa kuwa cheusi kuliko vyote, huonekana cha kijivu mtazamaji akisogea upande. Makaa hayang'ai hivyo. Yatangulize, kwa sababu hayashiki vizuri juu ya kinywe.

Boksi la penseli 12 la viwanda hivyo nalipa nafasi ya tatu, kwani penseli zake za H zitakaa muda mrefu bila kazi. HB ya shule ni ya nne, nayo yafaa kabisa kwa michoro ya haraka ya mikao.

Mwisho kabisa ni zile seti kubwa za bei nafuu zenye vikorokoro vingi. Niliwahi kununua moja: 4B, 6B na 8B zake zilitoa kijivu kilekile, na moyo ulikatika mara tatu katika kuchonga mara moja.

Dukani, iwe Kariakoo au Mtaa wa Samora, tazama kitako cha penseli uone kama moyo umekaa katikati ya mti, kisha omba kujaribu 2B na 6B kwenye karatasi moja. Zisipotofautiana waziwazi, ziache. Bakiza fedha ya karatasi ya gramu 160 au zaidi, maana ile ya gramu 80 ya fotokopi huchubuka ukifuta mara mbili, na kwa joto la hapa weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja ili jasho lisiharibu kivuli ulichokwisha kukilainisha.