Sato Mtamu, Waifai ya Kubahatisha

Jumamosi hubeba daftari langu hadi mgahawa mmoja karibu na kivuko cha Kamanga, Mwanza, nikae meza ya dirishani, Jiwe la Bismarck, lile mwamba maarufu ziwani, likionekana. Sato wa kukaanga huletwa mzima, ngozi kavu inayolia mdomoni, na ugali wa muhogo wa moto. Chai imezidi sukari. Nilimwambia dada anayehudumu, akacheka tu.

Waifai ilikatika saa nzima. Nilinuna, kisha nikaandika kurasa nne! Zamani nilikuwa nampiga sato picha tisa, nazipandisha Instagram, nahesabu waliozipenda, samaki anapoa. Siku hizi nakula kwanza. Safari hii nimepandisha picha ya mifupa. Imependwa na watu sita, mama yangu akiwemo.