Wikendi ya historia hai kwenye makumbusho ya kijeshi: nenda asubuhi, kambini

Makumbusho mengi ya kijeshi huandaa wikendi za historia hai, ambapo watu wa kujitolea huvaa sare za zamani, hupiga mahema uwanjani na kuishi kwa siku mbili kama askari wa vita fulani. Niliyohudhuria ilihusu askari wa miguu wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwa maoni yangu anayekuja kutazama pambano la alasiri peke yake hukosa kilicho bora, kwa sababu mambo yenye thamani yako kambini asubuhi, kabla watu hawajajaa na wakati waigizaji bado wana nafasi ya kuzungumza.

Nilimkuta mmoja wao akijiviringisha vitambaa vya sufu miguuni. Alianzia kwenye kifundo na kupanda hadi chini ya goti, akikipindua kitambaa kila kilipofika kwenye shavu la mguu ili kisilegee, huku akieleza kwamba askari wa farasi walifanya kinyume chake, wakianzia gotini na kumalizia kifundoni. Kitambaa kilichokazwa mno, kikishalowa, hubana damu, na miguu iliyokaa muda mrefu katika maji na matope ya handaki ilikufa ganzi, ikavimba na wakati mwingine kuoza. Ndiyo maana maofisa walitakiwa kukagua miguu ya askari wao na kuhakikisha kwamba wamebadilisha soksi na kujipaka mafuta ya nyangumi. Nilikuwa nimesoma habari za ugonjwa huo, lakini sikuwahi kufikiri kwamba uliweza kuchochewa na namna mtu anavyovaa.

Baadaye aliniruhusu kushika bunduki ya Lee-Enfield, baada ya kufungua bolti na kunionyesha kwamba haikuwa na kitu ndani. Ina uzito wa takriban kilo 4 na hubeba risasi 10, zinazosukumwa ndani tano tano kutoka kwenye vibanio vya chuma. Kisha akanivika mikanda yenye mifuko ya risasi 150, chupa ya maji, sepetu ndogo na mkoba wa mgongoni. Alinieleza kwamba tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme huko Ufaransa, askari wengi wa Uingereza walivuka uwanja wakiwa na mzigo wa karibu kilo 30, na kwamba kufikia usiku jeshi lao lilikuwa limepoteza watu zaidi ya 57,000 kwa kuuawa, kujeruhiwa, kutekwa au kutoweka, wakiwemo zaidi ya 19,000 waliokufa. Nilijaribu kupiga mbio hatua chache nikiwa na vitu hivyo na sikuweza. Hakuna kabati la vioo lingenifundisha jambo hilo.

Pambano lenyewe halikunipendeza. Siwalaumu waigizaji kwa kukaa mbali na kutolenga watu moja kwa moja, kwani hata risasi isiyo na kichwa hutoa gesi ya moto inayoweza kujeruhi vibaya mtu aliye karibu, na kanuni hiyo haifai kulegezwa. Lakini mizinga, ambayo ndiyo iliyoua na kujeruhi wengi katika mahandaki ya Ulaya Magharibi, haiwezi kuigizwa uwanjani, kwa hiyo kinachobaki ni milio ya bunduki na watu wanaoanguka taratibu kwenye nyasi, huku mtangazaji akisimulia kwa kipaza sauti kana kwamba ni mechi ya mpira. Mwishoni wafu waliamka na kupigiwa makofi. Naona heri muda huo ungetumika kuonyesha jinsi majeruhi walivyobebwa na kutibiwa, kazi ambayo waliiigiza vizuri sana asubuhi mbele ya watu wachache. Wenye watoto wadogo wawatafutie vya kuziba masikio, kwani milio ni mikali kuliko inavyotarajiwa.

Upungufu ulioniuma zaidi ni mwingine. Bango moja liligusia vita vya Afrika Mashariki, vilivyoendelea hadi Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huko, alipojisalimisha Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, lakini kambini hapakuwa na mpagazi hata mmoja. Vita vile viliendeshwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi, kwa kuwa mbung'o waliua wanyama wa mizigo na barabara zilikuwa chache, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu. Wikendi inayojisifu kuonyesha maisha ya mtu wa kawaida vitani haina udhuru wa kuwaacha. Nimewaandikia waandaaji nikipendekeza waanze na kitu rahisi: mzigo wa chakula uliofungwa kama ulivyofungwa wakati ule, uwekwe kando ya mkoba wa askari, na mgeni aruhusiwe kujitwisha.