Mashine ya skramu ya mtu mmoja: inaona mgongo, haioni mchezo

Fremu ya chuma juu ya reli mbili za kuteleza, mito miwili ya sponji ngumu mbele, nafasi ya kuwekea uzito nyuma. Ndiyo hiyo mashine ya kufanyia mazoezi ya skramu, ule msukumano wa mafowadi (wachezaji wa mbele) wa timu mbili za raga. Makocha wengi wa vijana huitumia kumpima fowadi chipukizi, na wengi huisoma vibaya kwa sababu hutazama imesogea mita ngapi. Nyasi zenye umande hutelezesha reli, udongo mkavu huzikamata, na kijana wa miaka 15 aliyebalehe mapema ataisukuma kwa uzito wake tu huku mgongo umepinda kama upinde. Isitoshe, sheria za chini ya miaka 19 haziruhusu timu kusukuma skramu zaidi ya mita 1.5, kwa hiyo mita kumi za mazoezini hazina kazi mechini.

Inachokionyesha vizuri ni umbo la mwili, mradi kimo cha mito kiwe sawa. Mchezaji ainame bila kugusa kitu, mgongo bapa, kisha katikati ya mto ilingane na mabega yake. Hapa ndipo fremu zenye matundu mawili tu ya pini za kurekebishia kimo zinapofeli kwa vijana. Mto ukiwa juu mno, kijana atasimama wima na utamwandikia kosa lililo la aliyechomelea chuma. Ukiwa chini mno, mabega yanashuka chini ya nyonga, jambo ambalo sheria inalikataza na ambalo huangusha skramu.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Pakia uzito hadi mashine isisogee. Toa amri zilezile za mwamuzi zinazotumika tangu 2013: inama, shika, ingia. Asukume sekunde 5, apumzike nusu dakika, arudie mara 6, simu ikirekodi kutoka ubavuni kwenye kimo cha nyonga. Goti likiwa kwenye pembe ya karibu nyuzi 120, ana nguvu na bado ana nafasi ya kupiga hatua fupi. Miguu ikinyooka, mara nyingi nyayo ziko nyuma mno; skramu ya kweli ikilegea, huyo ataanguka kifudifudi. Kidevu kikigusa kifua, simamisha zoezi papo hapo, shingo haina majaribio. Kisha linganisha picha ya kwanza na ya sita, kwani umbo zuri la mara ya kwanza halimaanishi mengi.

Wauzaji hawagusii jambo moja: mito miwili yenye pengo la kichwa katikati inamfaa propu (mchezaji wa pembeni katika safu ya mbele ya skramu) wa kulia, namba 3, anayebana kwa mabega yote mawili. Propu wa kushoto hubeba mzigo kwa bega la kulia, kichwa chake kikiwa nje. Mpime namba 1 kwa mto mmoja, la sivyo unampima kwa kazi ya mwenzake. Chuma pia hakina jezi ya kushika wala hakikukunji ubavu, hivyo ubora wa mshiko hautauona hapa. Huo unahitaji mpinzani aliye hai, mmoja kwa mmoja, polepole.

Nyongeza inayolipa: baada ya kila msukumo, kijana ainuke, akimbie mita 5 na kusafisha raki (kuwaondoa wapinzani juu ya mpira ulio chini) kwenye ngao ya mazoezi. Flanka (fowadi wa ubavuni mwa skramu) anayechelewa kunyanyuka hajulikani kwa kusukuma pekee. Kurusha na kudaka lainauti (mpira unaorudishwa mchezoni kutoka mstari wa pembeni), kukaba, kupasi, yote hayo tafuteni mpira.

Kwa kupima umbo, nyota nne kati ya tano. Kwa kuchagua kikosi, moja. Kabla ya kulipa, kandamiza mto kwa goti kwa nguvu zako zote: ukihisi ubao au kichwa cha bolti chini ya sponji, bega la kijana nalo litakihisi.