Apdeti imezima vioo vya mashine zangu nne, halafu naambiwa ninunue nyingine

Nina steshenari ndogo jirani na chuo. Mashine zangu sita zote ni za mtumba, na niliziwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu zinakwenda nayo vizuri. Kila mteja aliyeniuliza nimemsifia. Leo natoa nyota moja, na naitoa kwa hasira.

Juzi kati nilipiga apdeti usiku, nikafunga duka. Asubuhi wanafunzi wamepanga foleni na ripoti zao za fildi, nawasha: nembo inatokea, kisha kioo cheusi tii. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu, ya nne. Zilizopona ni mbili zenye umri mdogo kidogo. Nimehangaika mpaka saa nne ndipo nikakumbuka kushikilia Shift wakati wa kuwasha, nikachagua kerneli (kiini cha mfumo) ya kabla ya apdeti, kioo kikarudi. Basi kadi ya picha haijafa. Ni draiva, programu inayoiendesha kadi hiyo, imeguswa.

Nikawaandikia wanaoitunza, nikaambatanisha logi, yaani kumbukumbu za mashine. Mmoja akashauri mabadiliko yarudishwe nyuma kwanza, dawa itafutwe taratibu. Mwenzake, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho, akasema yanapunguza ulaji wa umeme kwenye mashine mpya, na wenye kadi kama zangu wamebaki wachache, tununue kifaa kingine. Wachache! Apite kwenye maduka ya kompyuta za mtumba Dar es Salaam ahesabu mwenyewe. Hata pole hakunipa.

Sikatai, kupunguza umeme ni jambo jema, Luku naijaza mimi. Wala sisemi vifaa vibebwe milele. Linus Torvalds aliianza Linux mwaka 1991 kwenye mashine yenye chipu ya Intel 386, na 386 hiyohiyo ikaachwa katika toleo la 3.8, mwaka 2013. Ni haki, ilikuwa imeshatumika vya kutosha, na iliondolewa waziwazi. Mashine zangu hakuna aliyetangaza kwamba zimeachwa. Zimevunjwa kimyakimya ndani ya apdeti ya kawaida, na Torvalds huyohuyo miaka yote amesisitiza kwamba badiliko likiharibu kilichokuwa kikifanya kazi kwa mtumiaji, kosa ni la badiliko, liondolewe. Sasa hapa mjadala wa nini?

Nilipofika hapa nilitaka kuongeza nyota ya pili, maana ni mfumo huuhuu ulionitunzia kerneli ya zamani, la sivyo siku ile ningefunga duka. Lakini za zamani hufutwa kadiri mpya zinavyoingia. Imebidi kerneli hiyo niifunge isiguswe, na kuifunga maana yake haipati tena viraka vya usalama, kwenye mashine ambazo watu wanafungulia vyeti vyao na barua pepe zao. Yaani nichague kioo au usalama wa wateja wangu.

Nyota moja ibaki. Wakirudisha draiva ilivyokuwa, nitakuja kuibadilisha siku hiyohiyo.