Trepak ikipigwa laivu: uzoefu wangu na balei ya The Nutcracker

Nilikata tiketi ya The Nutcracker hapa London Desemba iliyopita kwa sababu moja tu: tangazo lilisema kuna okestra ukumbini, si muziki wa kurekodiwa. Trepak, ile ngoma fupi ya Kirusi iliyomo ndani ya balei hii, nimeisikiliza sana kwenye simu, na nilitaka kuiona ikichezwa na watu wanaohema mbele yangu.

Imewekwa mahali pake hasa. Katika sehemu ya pili kuna ngoma fupi zinazofuatana: inatangulia ile iitwayo Chokoleti, inafuata Kahawa ya taratibu na ya kubembeleza, kisha Chai na filimbi zake za juu. Ukiwa bado umetulia, fidla zinaangusha ile sauti ya kwanza kwa kishindo na wachezaji wako hewani. Tchaikovsky, mtunzi wa muziki wa balei hii, aliijenga Trepak juu ya ngoma ya Wakosaki wa Urusi na Ukraine, ya kuchuchumaa na kurusha miguu, na tangu balei hii ioneshwe mara ya kwanza St. Petersburg mwaka 1892, dakika hiyo moja ndiyo inayoamsha ukumbi.

Katikati wimbo unahamia kwa selo na besi, unakuwa mzito, halafu unarudi juu na mwendo unaanza kuongezeka. Hapa ndipo nilipoona faida ya okestra. Mwongozaji aliinua macho, akamtazama mchezaji wa mbele aliyekuwa amechuchumaa, mikono kifuani, akamfuata hatua kwa hatua: kijana akikaza, na muziki unakaza. Tari likalia, buti zikagonga mbao, na ile noti ya mwisho ikamkuta ametua. Muziki wa kurekodiwa haumsubiri mtu. Mchezaji ndiye anayeufukuzia. Nilisimama kupiga makofi bila kujijua, na sikuwa peke yangu.

Kasoro ipo. Kiti changu kilikuwa ghorofa ya juu, pembeni, na ukingo wa balkoni ulinikata sehemu ya jukwaa. Waliokuwa upande wa kushoto niliwaona nusunusu. Wakati wa kulipia sikuambiwa, na kwa bei ile nilistahili kuambiwa. Sehemu ya kwanza nayo ilinichosha kidogo kwenye ile sherehe ya Krismasi.

Hata hivyo naipa nyota nne kati ya tano, na nitaenda tena. Chukua kiti cha katikati, hata kama ni nyuma kabisa. Wenye watoto, kateni onyesho la mchana, maana ngoma hizi ziko sehemu ya pili, na usiku wadogo huwa wameshasinzia.