Dirisha la rekodi chuoni lilivyonichelewesha leseni yangu ya maabara

Niseme mapema nimekasirika, kwa hivyo kama unatafuta mtu wa kukuelezea mahitaji ya leseni moja baada ya lingine, hayo yako kwa mtandao wa bodi inayoitoa, fungua usome. Mimi nimekuja kuongea juu ya dirisha moja tu, dirisha la rekodi katika chuo nilichosomea huku Magharibi mwa Kenya, sitakitaja, ambalo limenikalisha nyumbani Kondele, Kisumu, na diploma yangu mkononi huku kazi inanisubiri.

Kwa wale hawajui, hapa Kenya huwezi kufanya kazi ya maabara ya hospitali kama hujasajiliwa. Sheria iko tangu 1999, ndiyo ilileta bodi ya watu wa maabara, na leseni yenyewe unairinyu kila mwaka. Na mimi sina shida na hiyo sheria hata kidogo, tena naipenda, kwa sababu nimekulia karibu na soko ambapo ukizunguka nyuma ya kemisti unapata mtu ana maikroskopu moja na benchi na kila anayeingia anaambiwa ana malaria na taifodi. Kila mtu. Kichwa kikiuma, malaria na taifodi. Mgongo ukiuma, malaria na taifodi. Anauziwa dawa anaenda nyumbani na ugonjwa wake ule ule. Kwa hivyo leseni naitaka, na nilitaka kuipata kwa njia inayofaa.

Maombi yenyewe ya mtandaoni yalienda vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilifanyia saiba karibu na steji, kijana wa pale akaskani vyeti, nikalipa na simu, kwisha. Baadaye ndio nikaambiwa jina langu halimo kwa orodha ya waliomaliza ambayo chuo kilipeleka. Darasa lote wako, mimi na wenzangu wawili hatupo, na mitihani tulifanya pamoja, matokeo tulibandikiwa ukuta mmoja. Nikaombwa barua ya chuo ya kuthibitisha. Barua moja, ukurasa mmoja.

Nikapanda matatu asubuhi, mvua inanyesha tangu Kiboswa mpaka nashuka. Foleni haikuwa mbaya. Madam wa dirisha ni mtu mzima, kila aliyesoma pale anamjua. Nikamsalimia vizuri vile nililelewa. Hakuinua uso.

"Kozi gani?"

"Maabara, madam. Naomba barua ya bodi, jina langu liliachwa kwa orodha."

"Wa maabara weka fomu hapo urudi wiki ijayo. Niko na manesi na makliniko (wale wa clinical officer), hao ndio wana haraka."

Nikamwambia polepole, madam, na sisi pia tuna bodi, na kuna hospitali Kisumu imenishikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi, nisipopata leseni watachukua mwingine.

"Leseni ya nini? Ya kupima mkojo?"

Na watu wakacheka. Si wote, lakini walicheka, hata soja wa mlangoni alicheka.

Siku hiyo nilimeza. Leo simezi. Ndiyo, tunapima mkojo, na huo mkojo ndio unaonyesha protini kwa mama mjamzito mwenye presha kabla hajaanguka na kifafa cha mimba, kwa hivyo yeyote aliyecheka pale aende aulize dada yake aliyejifungua salama nani alimpima. Huku kwetu kando ya ziwa malaria haina msimu wa kupumzika. Slaidi moja ya damu unaitandaza, unaiacha ikauke, unaipaka rangi ya Giemsa, unasubiri, unaweka mafuta, kisha kwa maikroskopu unapitia fildi 100, yaani sehemu 100 za slaidi moja moja, kabla hujaandika kwamba hakuna vimelea. Fildi 100 kwa mgonjwa mmoja, na nje kuna laini ya watoto wanachemka mikononi mwa mama zao. Ukiandika hakuna na kumbe wako, falciparum, kimelea cha malaria kali, haitakungoja urudi wiki ijayo. Halafu watoto wa sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, na huku tunao wengi sana, analetwa usiku wa manane macho ya njano, ameishiwa damu, daktari anaandika aongezwe. Sawa, ameandika. Nani anapima grupu? Nani anafanya krosimachi, kuona kama damu ya mfuko inapatana na ya mgonjwa? Mtu wa grupu O ukimpa damu ya A unaweza kumuua hapo hapo kitandani, na mfuko wa damu ukiuangalia kwa macho yote ni nyekundu tu. Nilikesha na hiyo mifuko wakati wa intanshipu, nikirudia kusoma lebo mpaka naziona nikifunga macho. Hiyo ndiyo kazi madam anaita kupima mkojo.

Nikarudi vile aliniambia. Fomu yangu ilikuwa pale pale nilipoiweka, juu yake kuna flaski ya chai.

Lakini lazima niseme na upande wao. Yule madam yuko peke yake, anahudumia chuo kizima, faili ni za karatasi zimefungwa na kamba zimerundikwa mpaka dirisha la nyuma halifunguki, na siku hiyo alikuwa anakohoa kweli kweli. Kulikuwa na kijana wa atachmenti, yeye aliingia ndani akatoka na faili yangu kabla sijapata hata pa kukaa. Barua ikachapwa, ikawekwa kwa bahasha, bahasha ikafungwa na muhuri ukapigwa juu ya gundi ili nisiifungue. Nikasema moyoni basi yameisha, hawa watu si wabaya, ni kazi imewazidi, nikiulizwa nitawapa alama ya katikati. Nikaituma Nairobi kama parseli siku hiyo hiyo. Nikampigia mama, yeye huuza nyanya Kibuye, na kabla jioni haijafika meza zote za pale zilikuwa zinajua mtoto wake anapata leseni.

Ikakataliwa. Barua ina muhuri, ina tarehe, ina majina yangu yote, lakini pale kwa mstari wa sahihi ya mkuu wa chuo hakuna kitu. Weupe mtupu. Na bodi walikuwa sawa kuikataa, hata mimi ningeikataa, kwa sababu huko huko chuoni ndiko tulifundishwa kwamba ripoti ya maabara isiyo na sahihi haitoki nje ya mlango.

Niliporudi dirishani unajua niliambiwa nini? "Kwani hukuangalia ukitoka?" Mama yangu! Bahasha mmeifunga wenyewe, muhuri mmepiga wenyewe, ningeangalia na macho gani? Hakuna pole, hakuna hebu tuone, ni mimi tena niliyekosa. Hapo ile alama ya katikati nikaiondoa. Na hiyo hadithi ya faili nyingi pia naiondoa, kwa sababu kijana wa atachmenti aliipata faili ndani ya kamba hizo hizo, mgeni, hana hata mshahara. Shida si kamba. Ukishaamua kozi ya mtu ni ndogo, basi na karatasi yake utaishika ovyo, utaisahau chini ya flaski, utaifunga bila kuisoma.

Kilichonisaidia ni naibu wa mkuu wa chuo. Alinipata nimekaa kwa ngazi nalia, akauliza nini mbaya, akaisoma barua yote kwanza, akaiwekelea kwa ukuta akasaini. Akasema pole binti yangu. Yaani kitu cha kufanywa umesimama, nimekizungukia kiasi hicho! Kusema kweli ile sahihi iliniuma kuliko hata matusi.

Barua imeshafika, maombi sasa yanaendelea kushughulikiwa. Hospitali wameniongezea muda, incharge wa maabara yao aliponisikia alinyamaza kwanza halafu akasema na yeye alipitia dirisha kama hilo miaka yake. Mdogo wangu anataka kusomea pale pale na ameniuliza kama aende. Walimu wetu walikuwa wazuri sana, yule wa parasitolojia hangetuacha tutoke darasani kama mmoja bado hajaona kimelea kwa macho yake, na kwa sababu yao nilimwambia aende. Jana nimemwambia asiende. Leo sijui nimwambie nini.

Walio mwaka wa tatu saa hii, msingoje mpaka siku ya majoho. Uliza orodha inayopelekwa kwa bodi, ione, weka kidole kwa jina lako. Barua yoyote utakayopewa omba uisome kabla bahasha haijafungwa, wakikataa usitoke. Wale wenzangu wawili tulioachwa nao bado walikuwa hawajapata barua zao, mmoja yuko Bungoma hana nauli ya kwenda na kurudi. Yake nimeifuata mimi kwa naibu wiki hii, na sikuruhusu gundi iguse bahasha mpaka nilipoona sahihi.